Maswali Yenu: Wafalme wa Kipashtuni na Damu ya Ndugu

Mara iliyopita nilieleza kwa ufupi jinsi Ahmad Shah alivyoanzisha dola ya Durrani mjini Kandahar mwaka 1747. Maswali yamemiminika. Nimechukua matano, na moja kati yake litakula nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalonikaa moyoni.

Shikamoo Mwalimu. Wapashtuni na Waafghani si watu wale wale? (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba. Zamani ukisema "Afghani" ulimaanisha Mpashtuni tu. Leo Mwafghani ni raia yeyote wa Afghanistan, awe Mpashtuni, Mtajiki, Mhazara au Muuzbeki. Na Wapashtuni walio wengi wanaishi upande wa Pakistani, kwa kuwa mpaka uliochorwa mwaka 1893 kati ya Amiri Abdur Rahman na Waingereza uliwakata katikati. Huko India wamezoeleka kwa jina la Wapathani. Shika majina mawili ya makabila makubwa, maana tutayarudia: Waghilji, na Waabdali ambao baadaye waliitwa Wadurrani.

Ahmad Shah alichaguliwa kweli, au alijipachika mwenyewe? (Msomaji wa Nakuru)

Yote mawili yamo. Juni 1747 Nader Shah wa Uajemi aliuawa usiku hemani mwake na maofisa wake mwenyewe. Ahmad alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kamanda wa wapanda farasi wa Kiabdali katika jeshi lile. Aliwakusanya watu wake wakakimbilia Kandahar, na wakati huohuo hazina iliyokuwa njiani kupelekwa kwa Nader ikaangukia mikononi mwao.

Hapo ikaitishwa jirga, yaani baraza la wazee na wakuu wa koo. Inasimuliwa kwamba walibishana kwa siku kadhaa, kila mkuu akijiona anafaa, mpaka dervishi aitwaye Sabir Shah akasimama, akachomoa suke la nafaka akalichomeka kwenye kilemba cha Ahmad. Taji lenyewe likawa ndilo hilo. Ahmad akajiita Durr-i-Durran, Lulu ya Malulu, na kabila lake likabeba jina hilo hadi leo.

Lakini tazama nani alichaguliwa. Ahmad alitoka ukoo wa Sadozai, ulioheshimiwa sana lakini haukuwa na watu wengi. Wakuu wa koo kubwa, hasa Wabarakzai, waliona heri mfalme ambaye hawezi kusimama bila wao. Naye alilijua hilo. Ndiyo maana aliwapeleka vitani India tena na tena, na Januari 1761 akawavunja Wamaratha pale Panipat. Ngawira ndiyo iliyowaweka wakuu wale upande wake. Alipokufa mwaka 1772 mali ilikuwa imeanza kupungua, ila wakuu walikuwa palepale.

Kwa nini wafalme hao walitoboana macho? Nimesoma nikashindwa kulala. (Msomaji wa Tanga)

Pole ndugu yangu. Hata mimi huwa nafunga kitabu nikifika hapo.

Anza na neno moja la Kipashto: *tarbur*. Maana yake ni mtoto wa baba mdogo au baba mkubwa. Neno hilohilo hutumika kwa maana ya mshindani, hata adui. Kwao binamu wa upande wa baba ndiye mnayegawana naye shamba la babu, maji ya babu na heshima ya babu, kwa hiyo ugomvi wa kwanza wa mtu hutokea hapo. Likiwa ni shamba, mtagombania mpaka. Likiwa ni ufalme, hakuna mpaka wa kugombania.

Waghilji walikuwa wamekwisha kuyaonyesha. Mirwais Hotak aliikomboa Kandahar kutoka kwa Waajemi mwaka 1709 akafa mwaka 1715. Ndugu yake Abdul Aziz akamrithi. Mwaka 1717 Mahmud, mwana wa Mirwais, akamuua baba yake mdogo huyo. Ndiye Mahmud aliyeuzingira Isfahan, mji mkuu wa Uajemi, mwaka 1722 mpaka watu wakafa kwa njaa na Shah mwenyewe akatoka kumkabidhi taji. Miaka mitatu baadaye aliondolewa na Ashraf. Ashraf ni nani? Mwana wa yule Abdul Aziz.

Sasa rudi kwa Wadurrani. Timur Shah, mwana wa Ahmad, alihamishia mji mkuu Kabul na akafariki mwaka 1793. Aliacha wana zaidi ya ishirini, wa mama mbalimbali, bila utaratibu wa urithi uliokubalika na wote. Mmoja wao, Zaman, akatwaa kiti kwa msaada wa Payinda Khan, mkuu wa Wabarakzai. Kaka yake Humayun alipojaribu kushindana naye alikamatwa, akapofushwa. Kwa nini macho? Kwa sababu kipofu hakuhesabiwa kuwa anafaa kutawala. Ulimwondoa ndugu yako mbioni bila kuitwa muuaji wa ndugu.

Mwaka 1799 Zaman akamshuku Payinda Khan, akamkata kichwa. Hilo ndilo kosa lililoiangusha nyumba nzima. Fath Khan, mwana wa marehemu, alimwendea Mahmud, ndugu wa Zaman kwa baba, na mwaka 1801 wakaiteka Kabul. Zaman alikimbia, akaomba hifadhi kwenye ngome ya mtu aliyemdhania mwema, naye akamfungia ndani na kupeleka habari Kabul. Inasimuliwa kwamba usiku ule Zaman aliificha almasi ya Koh-i-Noor ndani ya ufa wa ukuta. Kisha walikuja watu wenye sindano. Mtu aliyempofusha kaka yake akapofushwa vilevile kwa amri ya ndugu yake Mahmud.

Shuja, ndugu wa Zaman wa tumbo moja, alimpindua Mahmud mwaka 1803. Wote walitarajia alipize kisasi. Hakufanya hivyo, alimwachia Mahmud macho yake. Kwangu hilo ni jambo la kiungwana kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo lililomgharimu. Mahmud alitoroka, akarudi na Fath Khan, na mwaka 1809 Shuja akawa mkimbizi. Hata Koh-i-Noor ilimtoka mwaka 1813, ikaangukia mikononi mwa Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga, kule Lahore.

Fath Khan je? Mwaka 1818 Kamran, mwana wa Mahmud, alimtoboa macho, kisha akauawa kwa kukatwa kiungo kimoja kimoja. Aliyewaweka wafalme hao wakamlipa hivyo. Ndugu zake Wabarakzai walisimama kwa pamoja, na ufalme wa Sadozai ukabaki Herat peke yake. Mmoja wa ndugu hao, Dost Mohammad Khan, ndiye aliyeishika Kabul.

Waingereza waliingiaje humo? (Msomaji wa Muscat)

Waliingia mlango uleule wa ugomvi. Mwaka 1839 walimrudisha Shah Shuja kwa nguvu ya jeshi ili kumng'oa Dost Mohammad. Kabul ililipuka mwaka 1841, na Januari 1842 msafara wa askari wapatao 4,500 na wafuasi kama 12,000 uliangamia kwenye theluji njiani kwenda Jalalabad. Wengi wanamkumbuka daktari Brydon aliyefika akiwa hoi juu ya farasi. Wachache humkumbuka Shuja, aliyeuawa Kabul Aprili mwaka huohuo.

Marehemu babu alihesabu mali kwa rupia. Ni kweli ilianzishwa na Mpathani? (Msomaji wa Mombasa)

Ni kweli. Sher Shah Suri, Mpashtuni aliyekulia Bihar, alimfukuza mfalme Humayun wa Wamogoli (si yule Humayun wa juu) mwaka 1540 akatawala India ya kaskazini kwa miaka mitano tu. Aliweka sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 11 na ushee, akaiita rupiya. Jina hilo lilivuka bahari, likatumika pwani yetu mpaka miaka ya mwanzo ya 1920 shilingi ilipoingia. Yeye alikufa mwaka 1545 baruti ilipomlipukia akizingira ngome ya Kalinjar. Wanawe nao waligombana.

Ugomvi huo uliisha lini?

Hili nimejiuliza mwenyewe. Zahir Shah, wa ukoo wa Barakzai, alitawala miaka 40. Julai 1973, akiwa Italia, alipinduliwa na Daoud. Daoud alikuwa binamu yake, mtoto wa baba mkubwa: *tarbur*. Aprili 1978 wakomunisti walimuua Daoud ikulu pamoja na jamaa zake wengi, watoto wakiwamo. Zahir alirudi Kabul mwaka 2002 bila taji, akafia huko mwaka 2007. Mwaka uliofuata lilifukuliwa kaburi la halaiki nje ya mji, mabaki ya Daoud yakatambuliwa, na Machi 2009 akazikwa kwa heshima za taifa.