Maswali na majibu: Kutoka chuo cha biashara hadi mshahara wa kwanza

Kila msimu wa mahafali unapokaribia, barua za wanafunzi wa biashara na za wahitimu wa karibuni huongezeka. Safari hii nimechagua saba, nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Nasoma uhasibu, mwaka wa pili, Dodoma. Nimepangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Hii ni wiki ya tatu nahesabu mifuko ya saruji stoo na kutoa fotokopi, wakati wenzangu wako benki. Je, niombe kuhamishwa?

Marahaba. Ningekuwa wewe nisingehama, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu swali hili huniumiza kila mwaka. Thamani ya bidhaa inayoandikwa kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, mwishoni mwa mwaka haitoki hewani. Inatoka kwa mtu aliyesimama stoo, akahesabu, akaandika. Mtu huyo sasa ni wewe, na wengi walioko benki hawatapata nafasi ya kuona namba ikizaliwa kama unavyoiona.

Chukua kadi moja ya stoo, tuseme ya saruji. Kadi inaonyesha salio la mifuko 412, nawe umehesabu ukapata 405. Mifuko saba iko wapi? Huenda miwili ilipasuka ikawekwa pembeni bila kuandikwa popote. Huenda mitano ilichukuliwa jioni na fundi anayekopeshwa, na hati ya kutolea mali haikujazwa kwa kuwa karani alikuwa anawahi daladala. Huenda lori lilishusha mzigo pungufu, na aliyesaini hati ya kupokelea mali alisaini bila kuhesabu. Huenda imeibwa. Kila jibu kati ya hayo lina ingizo lake katika leja, yaani daftari kuu la hesabu, na mtu wake wa kuulizwa, na hakuna swali la mtihani litakalokufundisha hayo kama mifuko saba iliyopotea mbele ya macho yako. Ifuatilie mpaka uipate, au mpaka uwe na hakika kwamba haipatikani na ujue ni kwa nini.

Kisha mwendee msimamizi wako kwa adabu, umwombe ruhusa ya kulinganisha kadi kumi na bidhaa halisi kila Ijumaa na kumwandikia matokeo katika ukurasa mmoja. Sijawahi kuona mwenye duka akimkatalia mwanafunzi ombi la namna hiyo. Karatasi unazotolea fotokopi nazo zisome kabla hujazirudisha, uone ankara inavyofanana na hati ya kupokelea mali na inavyotofautiana na hati ya malipo, ila usitoke nazo nje ya ofisi. Na katika kitabu chako cha kumbukumbu za mafunzo usiandike kwamba ulisaidia shughuli za stoo. Andika tarehe, kadi ipi, tofauti ilikuwa mifuko mingapi na ilimalizwaje. Nimekaa upande wa wanaosaili mara nyingi, na nimewasikia vijana waliofanya mafunzo katika ofisi kubwa wakisema walijifunza mambo mengi, lakini wakiombwa wataje moja wananyamaza.

Nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa kazi ya ofisa masoko ambayo sikuiomba, ila natakiwa kutuma shilingi 50,000 za fomu na sare kabla ya Jumatatu. Nifanye nini?

Usitume. Hukuomba, hukusailiwa, na mtu anayekupa kazi hana sababu ya kuanza kwa kukudai. Tunza namba hiyo na ujumbe wao, ukatoe taarifa polisi.

Nimemaliza shahada ya usimamizi wa biashara kwa GPA ya 2.9. Mwaka wa kwanza nilipata sapu (mitihani ya marudio) mbili baada ya kufiwa na baba. Je, ndiyo nimekwisha?

Pole sana kwa msiba. Hujakwisha, lakini sitakudanganya kwamba namba hiyo haina uzito. Kwa viwango vya vyuo vikuu vyetu, 2.9 ni daraja la pili la chini, linaloanzia 2.7, na wapo waajiri wanaotaka daraja la pili la juu, yaani kuanzia 3.5. Tangazo likisema hivyo waziwazi, usipoteze nauli. Usiguse pia namba hiyo kwenye wasifu wako wala kuizungushia maneno, kwa sababu transkripti, yaani orodha rasmi ya matokeo yako, itaombwa, na atakayegundua uongo mdogo hatakupa nafasi ya kueleza msiba wako.

Ipo milango mingine ambayo daraja halikuzuii. Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ukiwa na sifa zilizoandikwa, unaomba kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na ukiitwa unafanya usaili wa mchujo, mara nyingi wa maandishi, kabla ya mahojiano. Katika chumba kile aliyepata 4.4 na aliyepata 2.9 wanapewa karatasi moja. Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kusoma orodha ya majukumu iliyoko kwenye tangazo, jukumu moja baada ya jingine, na kujiuliza kwa kila moja: nikiambiwa nilifanye kesho asubuhi, nitaanzia wapi? Ukipata hata manne usiyoweza kuyajibu, hayo ndiyo ya kusoma wiki hiyo. Ukifika kwenye mahojiano na wakagusa matokeo ya mwaka wa kwanza, sema mara moja kwamba ulifiwa, onyesha jinsi alama zilivyopanda mwaka wa pili na wa tatu, kisha uendelee na swali jingine. Msiba ni wako, huna haja ya kuutetea.

Nimepata kazi ya kwanza, mshahara 600,000. Rafiki yangu anasema nitapokea kama laki nne tu. Inawezekanaje? Nilisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Rafiki yako hajakosea sana, na nakusihi ufanye hesabu hii kwa mkono wako kabla ya kupanga chumba. Tuchukulie kwamba 600,000 yote ni mshahara wa msingi, bila posho. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 60,000, na mwajiri huongeza wa kwake. Kodi ya mapato hukokotolewa baada ya kuondoa mchango huo, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 540,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi. Kuanzia hapo mpaka 520,000 unatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 20,000 iliyobaki juu yake inatozwa asilimia 20, ambayo ni 4,000. Kodi yako ni 24,000. Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000. Jumla ya makato ni 174,000, nawe unabaki na 426,000.

Makato ya mkopo huwashtua wengi kwa sababu ndiyo makubwa kuliko yote, lakini fedha hiyo inapunguza deni lako mwenyewe, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni livimbe kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kukatwa bila fedha kufikishwa. Hifadhi hati ya mshahara ya kila mwezi, na baada ya miezi mitatu omba taarifa ya michango yako NSSF na taarifa ya deni lako Bodi, uzilinganishe na hati zako. Ukikuta mwezi umerukwa, ulizia ofisi ya mishahara ukiwa na karatasi mkononi. Kosa la miezi mitatu hurekebishwa kwa barua moja, lakini la miaka sita nimeona mtu akilihangaikia mpaka akakata tamaa.

Nimehitimu uhasibu mwezi Julai na sina kazi. Nianze mitihani ya CPA (mhasibu aliyeidhinishwa) sasa, au nisubiri mwajiri atakayenilipia?

Anza, kama unaweza kupata ada ya somo moja au mawili. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu huendesha mitihani mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na kila muhula unaoupitisha ukisubiri ni nusu mwaka umekwenda. Kumbuka kwamba kufaulu mitihani peke yake hakutoshi kusajiliwa kuwa CPA, kwani unatakiwa pia uzoefu wa kazi wa miaka mitatu, hivyo mambo haya mawili ni vizuri yakienda pamoja. Usijisajili masomo mengi kwa mkupuo ili kuwaridhisha wanaokuuliza nyumbani. Aliyesoma ununuzi na ugavi aelekee kwenye bodi ya fani yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, yenye mitihani na usajili wake.

Nimesoma masoko, naishi Mwanza. Nina akiba ya shilingi 1,500,000, nataka kununua dagaa mwaloni Kirumba na kupeleka Dar es Salaam. Mama analia, anasema hakunisomesha ili niuze dagaa. Nimsikilize nani?

Mama yako msikilize, kwa sababu nadhani dagaa wenyewe si shida yake. Anaogopa kwamba fedha na miaka yake vitapotea, na hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu, maana ubishi hautamtuliza.

Kwa hiyo usiende sokoni na milioni moja na nusu. Nenda kwanza mikono mitupu, asubuhi, siku nne au tano katika majuma tofauti, uandike bei. Utaona kwamba bei haitulii. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, mzigo unapungua na bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Wakati wa mvua dagaa hawakauki vizuri, na gunia ulilolipima Mwanza likiwa na unyevu litakuwa limepungua uzito utakapolishusha Dar es Salaam, kama halijaota ukungu. Shika dagaa mkononi. Waliokaushwa juu ya chanja ni wasafi na wanang'aa, na waliokaushwa chini wana mchanga unaousikia ukisugua vidole, na mnunuzi wa Dar es Salaam ataujua mchanga huo kabla hajakuuliza bei. Hayo ndiyo masoko uliyoyasoma, na wafanyabiashara wa pale wanayajua kuliko kitabu chochote, hivyo ukiwauliza, waulize kwa heshima kama mwanafunzi.

Baada ya hapo safirisha mzigo mdogo, usiozidi theluthi ya akiba yako. Andika bei ya kununulia, magunia, vibarua wa kupakia na kushusha, ushuru, nauli ya lori, uzito uliopungua na siku zilizopita mpaka fedha ikarudi. Siku hizo husahaulika, kumbe faida ya 80,000 katika wiki moja na faida hiyohiyo katika wiki saba ni biashara mbili tofauti kabisa. Ukimaliza mizunguko mitatu na daftari likaonyesha kilichobaki, ndipo usajili jina la biashara BRELA, uchukue namba ya mlipakodi TRA, ambayo hutolewa bure, na uombe leseni halmashauri. Wakati huo unaweza pia kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na hutolewa zaidi kwa vikundi. Nakuomba usikope kabla ya mizunguko hiyo mitatu. Daftari lenyewe mpelekee mama, ukae naye, umsomee mstari kwa mstari, hata ule mzunguko ulioleta hasara.

Nina miezi miwili kazini, idara ya fedha. Mkuu wangu ananiletea hati za malipo zisizo na viambatisho na kuniambia nisaini kwamba nimekagua, risiti zitakuja baadaye. Nimesaini tatu. Silali vizuri.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa sababu nilipokuwa na umri wako nilisaini hati moja ya namna hiyo, katika kampuni ambayo sitaitaja. Risiti hazikuja kamwe. Miezi minane baadaye mkaguzi aliiweka ile hati mezani, kidole chake kikiwa juu ya saini yangu, na mkuu aliyeniagiza alikuwa ameshahama. Sikufukuzwa, lakini nilieleza jambo lile mbele ya watu wanne, na mpaka leo naikumbuka rangi ya ile karatasi.

Usingoje wakati huo. Kesho asubuhi andika namba za hati tatu ulizosaini, tarehe, kiasi na aliyelipwa. Mwandikie mkuu wako barua pepe fupi, isiyo na lawama, ukimkumbusha kwamba hati hizo zilisainiwa kwa ahadi ya viambatisho na ukimwomba risiti kufikia tarehe unayoitaja. Nakala yake baki nayo. Akileta ya nne, mwambie kwa upole, mkiwa wawili tu, kwamba neno "nimekagua" linasema jambo ambalo hujalifanya, na kwamba utasaini mara risiti zitakapofika. Anaweza kukasirika. Anaweza pia, na hili nimeliona zaidi ya mara moja, kwenda kuzitafuta risiti zenyewe. Ikifika tarehe uliyoitaja na hajajibu, chukua ile nakala na namba tatu uende kwa mkaguzi wa ndani, au kwa mkurugenzi kama hakuna mkaguzi, umweleze ulichosaini wewe mwenyewe kabla hujamtaja mtu mwingine yeyote.