Barua kwa mwanangu: walimu watatu na pango moja

Mwanangu Tumaini,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza. Mama yako aliusikiliza jikoni peke yake, kisha akaja kuniambia nijibu mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuambukiza ugonjwa wa mawe. Umepata nafasi ya shahada ya uzamili ya akiolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na unauliza: uache ualimu au usiache?

Nitalifikia hilo. Kwanza nikuambie habari za Thayngen, maana niliporudi kutoka kwa kaka yako kule Zürich, Uswisi, kila mtu aliniuliza kuhusu theluji na jibini, hakuna aliyeuliza kuhusu pango.

Kaka yako alinipeleka kwa treni hadi Schaffhausen, na kutoka hapo ni karibu tu. Thayngen ni mji mdogo mpakani na Ujerumani. Pango lenyewe linaitwa Kesslerloch, na mtu asiyejua anaweza kulipita bila kugeuza shingo. Nilitarajia shimo refu la kutisha, nikakuta ukumbi wa mwamba wenye midomo miwili, reli ikipita jirani. Kaka yako alikuwa anaangalia saa. Mimi nilisimama pale nikimfikiria mwalimu mmoja aitwaye Konrad Merk.

Merk alikuwa anafundisha sekondari ya hapohapo Thayngen. Desemba 1873 aliingia pangoni akaona kwamba chini ya vifusi kuna kitu, na mapema mwaka 1874 akalichimba. Hakuwa profesa, wala hakuwa na idara nyuma yake. Alikuwa mwalimu kama wewe, mwenye vipindi na madaftari ya kusahihisha. Ikatoka mifupa mingi mno: sungura wa nchi za baridi, farasi mwitu, mamothi wale tembo wenye manyoya, na reindia, jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi ambaye siku hizi ukitaka kumwona porini inabidi uende nchi za baridi za kaskazini. Ndipo kikatoka kipande cha pembe ya reindia chenye tundu, na juu yake mtu wa zama hizo alikuwa amechora reindia mwenyewe, ameinamisha kichwa kama anayelisha. Albert Heim, profesa wa jiolojia kule Zürich, aliutangaza mchoro huo mwaka huohuo wa 1874. Nimeona picha yake iliyokuzwa. Miguu inatembea, mwanangu. Manyoya ya tumboni yamechorwa kwa vistari vifupi vifupi, na aliyefanya hivyo alikuwa na kijiwe chenye ncha na mkono usiotetemeka. Leo wanakadiria ilikuwa miaka kama 15,000 iliyopita.

Unajua nitakachosema sasa, na dada zako wanakijua: jiwe haliulizwi mezani, linaulizwa shimoni. Mfupa ni vilevile. Kitu kilichotolewa mahali pake bila kuandikwa kilikuwa kina gani, jirani yake kulikuwa na nini, juu yake kulikuwa na udongo wa rangi gani, hicho ni pambo la sebuleni.

Merk aliumizwa hapohapo. Uchimbaji ulipokwisha, mmoja wa vibarua alileta vipande viwili vya mfupa vilivyochorwa, kimoja dubu na kingine mbweha. Havikutoka mbele ya macho ya mwalimu, vilikuja mkononi mwa mtu. Taarifa ya Merk ilipochapishwa mwaka 1875 na jumuiya ya wapenda mambo ya kale ya Zürich, dubu na mbweha walikuwamo pamoja na vitu halali. Mwaka uliofuata Ludwig Lindenschmit, mkuu wa makumbusho moja kubwa kule Mainz, Ujerumani, akaonyesha kwamba picha hizo mbili zimenakiliwa kutoka kitabu cha watoto chenye wanyama wa bustani. Zilikuwa bandia tupu. Kibarua alikuwa amempa ndugu yake, kijana wa shule, azichore.

Huyo kijana huwa namfikiria kuliko nipaswavyo. Angenifundishia somo la sanaa vizuri sana.

Lakini Lindenschmit hakuishia kwa dubu na mbweha. Kwake yeye, kama viwili ni uongo basi na reindia ni uongo, kwani watu wa mapangoni, wawindaji wasiojua hata kufua chuma, wangewezaje kuchora vizuri hivyo? Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kugundua udanganyifu ni kazi njema. Kumwambia mtu aliyekufa zamani za kale kwamba mkono wake hauwezi kuwa wake, hiyo ni jeuri. Mwaka 1877 wasomi wa Kijerumani walikutana mjini Konstanz, na suala la uhalali wa michoro ya Thayngen likawa miongoni mwa waliyobishania. Jaribu kuona hali ya mwalimu wa mji mdogo ambaye jina lake limefungwa pamoja na kashfa, na Jumatatu ana kipindi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuwahi kulisikia lote, ingawa nyumbani tumelitaja nusunusu kila mvua zinaponyesha.

Ilikuwa kabla hujazaliwa, tukiishi kwenye nyumba za walimu, pale karibu na korongo. Mvua za masika zilikuwa zimekata ukingo, na mvulana mmoja wa kidato cha pili akaja mlangoni jioni na kitu amekifunga ndani ya sweta la shule. Kilikuwa shoka la jiwe, la umbo la tone la maji, limechongwa pande zote mbili, ukingo wake bado unakata. Mimi nilikuwa nimeshaona mashoka ya zama za mawe ya Isimila, maana Isimila si mbali na Iringa mjini, na tangu mgeni mmoja kutoka Afrika Kusini alipoyaokota mashoka yale mwaka 1951, na Wamarekani wakaja kuchimba mwaka 1957 na 1958, kila mwalimu wa historia wa mkoa huu anayejiheshimu amewahi kusimama kwenye makorongo yale. Nikajua ninachokiona. Lakini sikumsifu kwanza. Nilimwambia, "Nipeleke."

Tukaenda na taa ya chemli. Akanionyesha alama ya kitu kilipokuwa kimelala, bado ina umbo lake kwenye tope, kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi. Kulipopambazuka tukarudi na rula ya darasani ya mita moja. Tukapima kutoka nyasi za juu hadi pale, tukachora safu za udongo, ule mwekundu, ule wa kijivu, na changarawe. Mvulana alishika kigingi. Aliandika yeye mwenyewe tarehe kwenye daftari langu, kwa mwandiko wa kubana sana.

Shoka tukalipeleka ofisi moja mjini. Sitaitaja, na aliyekuwa nyuma ya meza ile alikuwa na watoto ambao baadhi yao unawajua. Alikuwa anakunywa chai. Aliligeuza shoka mara mbili, akacheka, akasema, "Mwalimu, wanafunzi wako wana mikono mizuri." Kisha akamgeukia mvulana: "Umechonga lini?"

Nikafungua daftari. Nikamwonyesha vipimo. Nikamwambia ni mwendo mfupi tu, gari la ofisi limesimama pale nje, twende akaone mwenyewe shimo. Akasema atakuja. Shoka akalitia kwenye droo.

Hakuja. Mvulana alikuwa anaangalia sakafu muda wote, na njiani kurudi hakusema neno. Siku hizi ni fundi seremala Makambako, mtu mzima mwenye wajukuu. Tukikutana ananisalimia kwa heshima zote, ananiuliza habari za nyinyi mmoja mmoja kwa majina, na shoka halitaji. Mimi pia silitaji. Kuna wakati nalala nikijibishana na yule bwana wa chai, na mama yako ananiambia nigeuke upande wa pili.

Nijipinge kidogo, maana najua utanipinga wewe. Yule bwana hakuwa na haki ya kuwa na mashaka? Thayngen si ndiyo inayoonyesha kwamba vibarua na vijana huweza kudanganya, na mwalimu akaaibika mbele ya Ulaya nzima? Alikuwa nayo haki hiyo. Mtu anayepokea kila kitu anacholetewa hafai ofisi ile. Lakini Lindenschmit, pamoja na jeuri yake, alitafuta kitabu akaweka picha na picha ubavuni mwa mwenzake. Yule wetu hakufungua hata dirisha. Mashaka ya mtu aliyekaa ni uvivu tu uliovaa suti. Jiwe haliulizwi mezani, Tumaini.

Turudi pangoni, maana habari haikuishia kwa Merk. Baada yake akaja Jakob Nüesch, naye mwalimu wa sekondari, mjini Schaffhausen. Huyu alikuwa ameshachimba Schweizersbild, chini ya mwamba mwingine jirani na mji, kuanzia 1891 hadi 1893, akisoma safu ya udongo moja baada ya nyingine. Kesslerloch alichimba mwaka 1893, kisha tena 1898 na 1899. Halafu mwaka 1902 na 1903 akaingia Jakob Heierli. Na Heierli alianzia wapi? Darasani. Walimu watatu katika pango moja. Waliofuata walipata vitu vya aina ileile ya Merk, safari hii vikitoka ardhini chini ya macho yaliyokwisha kuonywa, na yule reindia akasimama tena kwa miguu yake. Leo hakuna anayemwita bandia. Wanachobishania ni kama kweli analisha au ni dume linalonusa jike, na huo ni ubishi wa heshima.

Heierli ndiye ninayetaka umwangalie, kwa sababu alizaliwa mwaka 1853 na akaishia kuwa mhadhiri wa historia ya kale Chuo Kikuu cha Zürich. Mwaka 1901 alitoa kitabu kizima cha historia ya kale ya Uswisi, na mwaka 1907 jumuiya ya Waswisi ya fani hiyo ilipoanzishwa, akawa katibu wake. Akafariki 1912. Mkewe, Julie, naye hakukaa kumsubiri na chakula. Alitafiti mavazi ya jadi ya Waswisi, akaandika mabuku matano, la kwanza likitoka 1922, mume ameshakufa miaka kumi. Hilo mwambie huyo kijana wako anayesema masomo yatachelewesha harusi.

Kwa hiyo kuna njia ya kutoka darasani kwenda chuo, ipo, watu wameipitia. Ila pia kuna Merk. Yeye alikuwa mwalimu wa palepale, ndiyo maana aliliona pango. Wasomi wakubwa walipita na treni. Mtu anayekaa mahali huona ukingo uliokatika baada ya mvua, na watoto humletea vitu kwenye sweta. Ukienda Dar es Salaam utajifunza kupima vizuri kuliko mimi na rula yangu, sibishi. Nani atawafungulia mlango jioni?

Unaona nimeanza kukuamulia. Mama yako kanikataza, na mimi mwenyewe nilijiapiza sitafanya hivyo, kwa sababu babu yako aliniamulia mimi, na hilo unalijua. Basi nanyamaza. Ingawa, kama ungenibana kabisa, ningesema... Hapana. Acha.

Nitasema moja tu, na si hukumu. Ile mifupa ya Kesslerloch haijamaliza kusema. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Ujerumani walichapisha habari za kipande cha taya kutoka pango lile, wakasema ni cha mbwa wa kufugwa aliyeishi zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, mmoja wa mbwa wa kale kabisa wanaojulikana kwa hakika. Yule reindia halisi yuko Konstanz, kwenye makumbusho ya Rosgarten iliyoanzishwa na mwuza dawa, na wale dubu na mbweha wa uongo nao wametunzwa, wako London. Nimelipenda sana hilo la kutunza hata uongo. Lile shoka letu sijui kama lilitoka kwenye droo, ila ukiwa mwanafunzi wa idara watakuruhusu kuingia stoo ambazo mimi sikuruhusiwa, na jiwe la umbo la tone la maji halijifichi sana. Sisemi uende kwa ajili hiyo.

Ada tutasaidiana, kaka yako ameahidi muhula wa kwanza, na kaka yako akiahidi unamjua, mkumbushe kila Ijumaa. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, uliza kwanza kuhusu ruhusa ya masomo, ukiwa umebaki kwenye orodha ya mishahara au bila malipo, ili mlango wa kurudi usifungwe. Uliza pia ombi hilo linapitia kwa nani. Mpelekee mkuu wa shule ombi lako wiki hii, kabla hajaenda likizo, na ubaki na nakala yenye muhuri.

Baba yako