Mechi za kombe mubashara kwa mpangaji asiye na dishi: nilivyopigwa na nilipopona

Mkuu, umesema umepanga chumba kimoja, mwenye nyumba hataki dishi ukutani, na unataka mechi za Kombe la Shirikisho mubashara. Mimi nimeishi hivyo hivyo miaka kadhaa.

Kwanza, Shirikisho lipi? Usicheke. Kuna la TFF, la hapa nyumbani Tanzania, ambalo sasa linaitwa CRDB Bank Federation Cup, na kuna la CAF, la klabu za Afrika. Kuna siku nililipia kifurushi nikiisubiri Simba ya kimataifa, kumbe ratiba niliyoisoma ni ya mechi za nyumbani. Hela ikaenda, nikaangalia timu nisiyoijua hata jezi. La nyumbani halina utata, ni Azam, hao hao waliosaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa Ligi Kuu wa miaka kumi kwa Sh bilioni 225.6. La CAF usikariri chaneli. Siku mbili kabla ya mechi ingia kwenye kurasa za klabu yenyewe, utakuta bango lina saa na mahali pa kuangalia. Taifa Stars ikicheza, anza na TBC1, hailipiwi.

Sasa hizi linki za bure za kwenye magrupu. Tarehe 25 Mei 2025, marudiano ya fainali ya Shirikisho la CAF, Simba na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar. Tulishapigwa 2-0 Morocco, roho iko juu. Nikabonyeza linki ya kwanza: matangazo ya kubeti. Ya pili: weka namba ya kadi. Ya tatu ikafunguka, picha kama imepigwa kwenye ukungu. Mutale wa Simba anafunga, mtaa mzima unalipuka, mimi kwenye simu yangu mpira uko katikati ya uwanja. Hadi inaisha 1-1 nilikuwa nimeshahamia dirishani kwa jirani. Tangu siku hiyo sijagusa linki.

Programu halali, kama AzamTV Max, ni afadhali mara kumi, ila nayo ina mambo yake. Picha ya intaneti huchelewa nusu dakika na zaidi nyuma ya dishi, kwa hiyo zima WhatsApp na taarifa za matokeo, la sivyo utaletewa goli kabla hujaliona. Halafu bando: ubora wa kawaida unakula kama GB 1 kwa saa, ukipandisha HD ni mara mbili au tatu ya hapo. Na hii ni mechi ya kombe, mkuu! Sare ikigoma kuvunjika, kutegemea kombe na hatua, kunaweza kuwa na dakika 30 za nyongeza, au matuta (penalti) moja kwa moja. Mimi bando liliniishia mpigaji wa tatu anaweka mpira chini. Nunua na la akiba.

Kwa hali yako, mimi ningechukua king'amuzi cha antena. Hakuna kutoboa ukuta, ukihama unakibeba, na mvua ya masika haikisumbui kama dishi, ambalo mvua kubwa ikishuka picha huweza kuganda. Kabla ya kulipa, muulize wakala chaneli ya mechi ipo kwenye kifurushi kipi, maana cha chini kabisa mara nyingi hakina mpira. Na mwombe akuwashie uone mawimbi yanashika mtaani kwako.

Umeme ukikatika, nenda kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio. Jero au buku (Sh 500 au 1,000), jenereta inanguruma nje, na goli unaliona palepale kwa sababu wenye vibanda wengi wana dishi. Fika mapema tu, watu warefu huwa hawana huruma.

Uko mkoa gani? Habari ya antena inategemea hapo.