Protini bila maji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya pili ya biokemia. Kwa kuwa laptopu yangu haina nguvu, nimeiga mwendo wa ubikwitini, protini yenye asidi amino 76, bila kuizungushia maji. Imenywea. Msimamizi wangu anasema matokeo hayafai. Je, nifute yote?
A.M., Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako hajakosea, ila usifute kabla hujatazama.

Fungua faili, utafute lisini, mojawapo ya zile asidi amino, iliyo usoni mwa protini. Majini, mkono wake hunyooka kuelekea nje, na ncha yake yenye chaji chanya huzungukwa na molekuli za maji. Kwenye ombwe, yaani patupu pasipo maji kama ulivyofanya wewe, mkono huo hauna wa kuupokea: unainama, unadaka chaji hasi iliyo jirani, na hauachii tena. Maji hudhoofisha mvutano wa chaji takriban mara 80. Ukiyaondoa, mvutano unarudi kwa ukali wake wote, na protini inajikaza. Mimi nilipoteza wiki tatu nikisaka kosa ndani ya programu, kumbe hesabu zilikuwa sahihi. Swali nililoipa ndilo lililokuwa bovu.

Hata hivyo, ombwe lina heshima yake. Mwaka 1977 McCammon, Gelin na Karplus walichapisha uigaji wa kwanza wa protini, kizuizi cha tripsini (kimeng'enya kinachomeng'enya protini) cha ng'ombe, chenye asidi amino 58, bila maji ya kukizunguka, kwa muda usiofika pikosekunde 10 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Hapo ndipo tulipoona kwamba ndani ya protini atomu hazitulii, zinasogea kama kimiminika. Bado hunisisimua! Mwaka 1988 Levitt na Sharon waliitia protini hiyohiyo majini, ikabaki karibu zaidi na umbo lake halisi lililopimwa kwenye fuwele.

Tena kuna mahali ombwe ndilo ukweli wenyewe: ndani ya mashine ya kupima masi, protini hupaa ikiwa kavu. Lakini hata huko modeli za kawaida huchechemea, maana huifunga kila protoni (kiini cha hidrojeni chenye chaji chanya) mahali pamoja, ilhali kwenye gesi protoni huhama.

Kwako, tumia modeli inayohesabu athari ya maji kwa jumla, bila molekuli moja moja. Programu ya uigaji iitwayo OpenMM inayo, nayo ni bure. Ukimaliza, pima umbali kati ya ncha ya lisini ile na chaji hasi jirani, katika uigaji wa kwanza na wa pili, umpelekee msimamizi namba zote mbili.