Jibu: Siku moja Santander inatosha?

Mkuu umeuliza kama siku moja inatosha Santander, mji wa bandari kaskazini mwa Hispania, ukishuka na feri ya kutoka Plymouth Uingereza, inatosha kabisa, feri inakushusha katikati ya mji hata teksi huhitaji. Ila usitegemee mji mkongwe wa vichochoro kama Mombasa, sehemu kubwa ya zamani iliteketea kwa moto mwaka 1941, upepo wa kusini ndo uliusambaza, na kabla ya hapo 1893 meli ya Cabo Machichaco ililipuka na baruti gatini ikaua mamia ya watu, yani bandari imeona mengi hii. We tembea tu Paseo de Pereda, barabara ya kando ya maji, hadi Centro Botín, kituo cha sanaa cha 2017 kilichobuniwa na msanifu majengo Renzo Piano, alafu nenda rasi ya Magdalena kwenye kasri alilokuwa anapumzikia mfalme wa Hispania Alfonso XIII kiangazi. Mchana kula rabas, ngisi wa kukaanga hao, weka limau (mi nilirudia sahani). Ukibaki na muda panda boti uvuke ghuba hadi kijiji cha Somo, kuna ufukwe mrefu sana. Na beba koti la mvua hata kama ni Julai, usibishe.