Gesi ya Kiyoyozi Haiishi

Msomaji wa Mombasa ameniletea maneno ya risiti aliyopewa na fundi aliyeshughulikia kiyoyozi cha chumbani kwake, kile cha vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje, vilivyounganishwa kwa mabomba mawili ya shaba. Risiti inasema: “Gesi imeisha. Kuchaji gesi.” Anauliza kama kuchaji ni Kiswahili, au fundi angepaswa kuandika kujaza.

Kitenzi kuchaji kiliingia pamoja na betri, kikaenea pamoja na simu, na sasa ni mwenyeji. Hata hivyo, kwa kazi hii sikipendi, na kujaza nacho kina dosari yake. Kujaza ni kutia mpaka chombo kijae, ilhali kiyoyozi hakijazwi hata siku moja. Kina kiasi chake cha gramu, kilichoandikwa kwenye kibati cha kipande cha nje, na fundi makini husimamisha mtungi wa gesi juu ya mizani, akatia kiasi hicho, kisha akafunga. Ikizidi, kompresa, ile pampu inayobana gesi, husukuma kwa shinikizo lisilofaa na kula umeme bure. Ikipungua, baridi haitoshi. Kitenzi cha kazi ya namna hiyo tunacho tangu zamani, nacho ni kutia, kama mpishi anavyotia chumvi. Mimi ningeandika kutia gesi. Anayeandika kujaza simzuii, na wa kuchaji nimeshachoka kumzuia.

Nisichoweza kukivumilia ni yale maneno mawili yaliyotangulia, ambayo msomaji hakuyauliza: gesi imeisha.

Kila neno kati ya hayo mawili, likiwa peke yake, halina kosa. Gesi lilibuniwa na mwanakemia wa Flanders, Jan Baptist van Helmont, katika karne ya 17, likatufikia kupitia Kiingereza. Kuisha, au kwisha kwa wanaoshika umbo la zamani, ndiko kulikotupatia ile -sha- ya nimeshakula, iliyokuwa nimekwisha kula. Kosa huzaliwa yanapokutanishwa mbele ya kiyoyozi.

Kitu huisha kwa kutumika. Unga huisha kwa sababu umeliwa, mafuta ya gari huisha kwa sababu yameungua, na gesi ya mtungi wa jikoni huisha kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo mama anayesema jikoni “gesi imeisha” amesema kweli tupu. Gesi ya kiyoyozi haiungui wala hailiwi. Inazunguka. Ndani ya chumba huchemka ikageuka mvuke na kubeba joto. Nje hubanwa na kompresa, ikatoa joto lile na kurudi kuwa majimaji. Kisha safari huanza upya, gesi ikiwa ni ile ile iliyotiwa kiwandani. Mzunguko huo umefungwa. Usipokuwa na tundu, gesi ya siku ya kwanza itakuwamo mpaka siku mashine itakapotupwa. Ikiwa haimo, imetoka, na kilichotoka kina mahali kilipopitia.

Hapo ndipo sarufi yetu inapofanya kazi ambayo geji ya fundi haiwezi kuifanya peke yake. Kuisha hakudai sababu wala mahali. Ukiambiwa kitu kimeisha, jibu la kawaida ni kununua kingine. Kuvuja kunadai mahali. Sema “gesi imevuja” na papo hapo kauli ya kutendea inakuja mdomoni bila kuitwa: inavujia wapi? Swali hilo likiulizwa, fundi hana budi kuchukua povu la sabuni na kupita kwenye nati zinazokaza midomo ya mabomba, ambako mivujo mingi huanzia, au kutafuta doa la mafuta, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na huacha alama inapotokea. Akiandika “imeisha”, swali halizaliwi. Huongeza gesi, hulipwa, na baada ya miezi kadhaa huitwa tena kwa sababu “imeisha” tena. Wapo watu Dar es Salaam na Mombasa wanaolipia gesi kila kiangazi wakiamini kwamba ndiyo desturi ya mashine, na imani hiyo wamefundishwa na kitenzi.

Ubaya wa pili ni kwamba usemi huu umekuwa jibu la kila ugonjwa. Chujio likiziba vumbi, gesi imeisha. Feni ya nje ikigoma, gesi imeisha. Nimeona hata hesabu ya kufunga kiyoyozi kipya ikiwa na mstari wa kujaza gesi, ilhali kipande cha nje kwa kawaida hutoka kiwandani kikiwa na gesi inayotosha mabomba ya urefu uliotajwa kwenye maelekezo. Wajibu wa fundi hapo ni kukaza viungo, kuvijaribu kwa naitrojeni, kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, kisha kufungua valvu. Gramu za nyongeza hutiwa pale tu mabomba yanapozidi urefu ule.

Watetezi hunijibu kwamba wasemaji wamezoea, na mazoea ndiyo hufanya lugha. Nakubali katika mengi. Lakini hapa mazoea yanasema jambo lisilotokea. Gesi hiyo haikuisha, ipo angani. R-410A iliyomo katika viyoyozi vingi hupasha joto dunia takriban mara 2,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule kwa kipindi cha miaka 100, na R-32, inayosifiwa kuwa afadhali, hupasha mara 675. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Kitu kilichokalisha mataifa mezani hakiwezi kuitwa kilichoisha.

Imepungua naipokea nusu, kwa kuwa angalau ni kweli, mradi ifuatwe na sababu. Risiti ya msomaji wetu ningeiandika hivi: “Gesi imevuja kwenye nati ya bomba nene. Mvujo umezibwa, hewa imevutwa, gesi imetiwa kwa mizani,” na mbele yake aina ya gesi na gramu zake. Mvujo, si uvujaji: uvujaji ni tendo zima la kuvuja, na mvujo ni pale panapotoka gesi, mahali ambapo fundi anaweza kupaonyesha kwa kidole na mwenye nyumba akapaona.