Gemu yangu inatumia Firebase: sheria ya taarifa binafsi inanihusu mimi au Google?

Mkuu, umeuliza hivi: una gemu ya maswali kwa watoto wa darasa la nne hadi la saba, umeiunda kwa Unity, ndani umeweka Firebase, huduma ya Google ya kufuatilia matumizi ya programu, ili uone wanakwamia hatua ipi. Data zote zinakwenda Google, wewe huna hata seva. Sasa sheria inambana nani? Na mchangiaji mmoja hapo juu kakujibu unakili tu sera ya faragha mahali, uibandike, kazi imeisha. Hapo kwenye kunakili ndipo nimeshindwa kupita kimya, maana riziki yangu inatokana na kuandaa gemu za watu kwa ajili ya Play Store na sera za kunakili nazijua harufu yake. Kuna moja ilikuwa inaahidi kuheshimu haki za wakazi wa California. Gemu yenyewe ni ya bao, wachezaji wako Tandika na Mbagala.

Jibu: inakubana wewe. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatenganisha mkusanyaji na mchakataji. Mkusanyaji ni anayeamua taarifa zichukuliwe kwa lengo gani na kwa njia gani. Mchakataji anazishughulikia kwa niaba yake. Sasa jiulize nani aliyetaka kujua mtoto kakwama wapi, na nani aliyeichagua Firebase. Kutokuwa na seva hakukuondoi hapo. Ulaya jambo hili lilishafika mahakamani: Julai 2019, kesi ya Fashion ID, duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani lililoweka kitufe cha "Like" cha Facebook kwenye tovuti yake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema duka linawajibika pamoja na Facebook katika kuzikusanya na kuzituma zile data, hata kama lenyewe halizioni. SDK, yaani msimbo wa kampuni nyingine unaoupachika ndani ya gemu kama huo wa Firebase, haina tofauti na kitufe kile, ila tu mchezaji haioni.

Na kwenye lawama pia ni wewe. Mwaka 2018 wachezaji wa Steam, duka la gemu za kompyuta, waligundua kwamba gemu kadhaa kubwa, zikiwemo Civilization VI, Conan Exiles na The Elder Scrolls Online, zilikuwa na Red Shell, kifaa cha kampuni nyingine cha kuunganisha tangazo ulilobofya na gemu uliyosakinisha. Matusi mengi yalikwenda kwa studio zenye gemu, na studio nyingi zikaiondoa haraka.

Upande wa watoto ndio mbaya zaidi. Juni 2024 kampuni ya Tilting Point ilikubali kulipa dola 500,000 huko California kwa sababu ya gemu yake ya SpongeBob: Krusty Cook-Off. Moja ya hoja ilikuwa kwamba SDK za watu wengine zilipangwa vibaya, data za watoto zikakusanywa na kuuzwa. Kwenye hoja hiyo haikudaiwa kwamba walikusudia. Hata mipangilio mibaya, mkuu, inaingia kwenye mashtaka. Hapa kwetu sheria inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo habari ya "akibonyeza ENDELEA amekubali" isahau. Ukiwa na wachezaji Kenya, sheria yao ya 2019 inakufuata hata ukiwa umekaa Dar, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa mtoto. Kamishna wao wa ulinzi wa data hana mzaha kwenye hili: mwaka 2023 shule moja Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Usianze na sera, anza na APK, lile faili la kusakinisha gemu. Ijenge, ifungue kwenye Android Studio, angalia manifesti (orodha ya ruhusa na mipangilio ya gemu) ya mwisho, ile iliyokwisha kuunganishwa na za SDK. Utakuta mstari com.google.android.gms.permission.AD_ID. Wewe hukuuandika, umeingizwa na SDK. Ni ruhusa ya kusoma kitambulisho cha matangazo cha simu, na Google Play inakataza gemu za watoto kukituma. Utoe kwa kuandika tools:node="remove" kwenye manifesti yako. Kisha humo humo weka google_analytics_adid_collection_enabled kuwa false, na firebase_analytics_collection_enabled nayo false, ili gemu ikiwaka isitume kitu mpaka msimbo wako uruhusu. Ukimaliza usijiamini. Washa DebugView, ukurasa wa Firebase unaoonyesha kila kinachotumwa, cheza gemu kama mtoto, soma kila tukio linalopita.

Hiyo DebugView ndiko nilikokuta kitu kwenye gemu ya mteja mmoja. Tukio level_fail linapita vizuri, hatua ya 12, alama 40, halafu user_id inaanza na 2557. Namba ya simu ya mchezaji, nzima nzima! Kijana aliyeiandika ni fundi mzuri kweli, ila mchezaji alikuwa anaingia kwa namba ya simu, akaona basi hiyo hiyo ndiyo kitambulisho. Google wenyewe wanakataza kuwatumia namba za simu au barua pepe kwenye analitiki. Tulipomwambia, akapendekeza tuipitishe kwenye SHA-256, hesabu inayoigeuza namba kuwa msururu wa herufi usiosomeka. Haisaidii. Namba zetu baada ya 255 zina tarakimu tisa tu, na ya kwanza huwa 6 au 7. Laptop ya kawaida inazipitisha zote kabla chai haijapoa, na namba halisi inarudi. Tulichoweka ni namba ya bahati nasibu inayozaliwa gemu inaposakinishwa, isiyohusiana na kitu kingine chochote, na ikaonyeshwa kwenye ukurasa wa mipangilio ili mchezaji akitaka data zake zifutwe awe na cha kututajia.

Kwenye konsoli ya Firebase, zima kushirikisha data na bidhaa na huduma za Google. Hiyo swichi ikiwa wazi, Google si mchakataji wako peke yake tena, anatumia na kwa mambo yake. Muda wa kuhifadhi uweke miezi 2. Miezi 14 ya nini kwa gemu ya maswali?

Fomu ya usalama wa data ya Play Store, tangu 2022 unaijibia wewe, pamoja na vinavyokusanywa na SDK. Ukiandika "hatukusanyi data" huku Firebase imo ndani, umedanganya. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili, kwa hiyo lifuatilie hilo kabla ya uzinduzi, pamoja na masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, maana seva za Firebase haziko Kijitonyama. Kenya wamewasamehe usajili wadogo wenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, kukiwa na baadhi ya shughuli zisizosamehewa. Msamaha wenyewe ni wa usajili tu.

Ila kwa gemu yako hii, mimi ningeitoa Firebase kabisa. Unachotaka ni kujua maswali yepi ni magumu. Acha simu ihesabu yenyewe, na mara moja kwa wiki itume mstari mmoja kwenye seva yako ndogo: swali la 31, limekosewa mara 4. Bila kitambulisho, na seva isihifadhi anwani ya IP. Utapoteza grafu nzuri na kujua wangapi wamerudi kesho yake, sawa, lakini orodha ya maswali magumu utaipata.

Ukiamua kubaki nayo, tuwekee hapa picha ya ile manifesti na ukurasa wako wa idhini ya mzazi, tuvipitie.